Kocha Aliyejifukuza Kazi

Verlin Kropf alifukuzwa kazi na mtu mmoja mara tatu, katika vyuo vitatu, na mara zote tatu aliyelia ni mfukuzaji.

Mtu mwenyewe aliitwa Royce Tarpley. Alikuwa kocha mkuu wa mpira wa Kimarekani, ule wa mpira wenye ncha mbili na vijana waliovaa helmeti, na Verlin alikuwa kocha wake wa ulinzi. Tarpley alikuwa na sauti ya mchungaji na nywele ambazo hata upepo wa Kansas haukuzitibua, na kwa baadhi ya vyuo hilo peke yake lilitosha kumpa kazi. Lakini timu zake zilikuwa zinafungwa. Zikifungwa sana watu wa mji walianza kutafuta wa kumlaumu, na kwa kuwa Tarpley hakupenda awe yeye, alikwenda nyumbani kwa akina Kropf siku ya Jumatatu mchana, akavua kofia, akajisogeza kwenye meza ya jikoni na kuomba kipande cha pai ya matufaha.

"Nelda," alimwambia mke wa Verlin mara ya kwanza, walipokuwa Missouri, machozi yakimdondokea kwenye sahani, "pai hii, shemeji yangu, Mungu akubariki. Verlin, ndugu yangu, itabidi uondoke."

"Niondoke niende wapi?" Verlin aliuliza.

"Uondoke kazini. Nimekufukuza."

"Lini?"

"Si ndiyo sasa hivi nakufukuza. Nelda, hamna krimu kidogo?"

Baada ya mwaka mmoja au miwili Tarpley naye alifukuzwa, kwa sababu kumfukuza kocha wa ulinzi hakujawahi kuifanya timu ifunge. Akapata chuo kingine, maana nywele bado zilikuwepo, na simu ya kwanza aliyopiga ilikuwa kwa Verlin. "Nani mwingine anaujua ulinzi kama wewe?" Na Verlin akaenda. Hivyo ndivyo walivyofika Iowa, akafukuzwa tena kwa pai ya cheri, na ndivyo walivyofika Tollivar, mji mdogo uliozungukwa na ngano pande zote, wenye chuo kimoja cha Walutheri na timu iitwayo Bata Mzinga.

"Hebu niambie," Nelda alisema siku waliyokuwa wanashusha makochi Tollivar, "wewe na huyo bwana mmefunga ndoa? Maana mimi sijawahi kukufuata hivi."

"Ananipa ulinzi wote, Nelda. Haniingilii."

"Anakupa ulinzi, halafu anakula pai yangu."

Lakini ilikuwa kweli kwamba Tarpley hakumwingilia, na hilo lilimtosha Verlin. Aliupenda ulinzi kama wengine wanavyopenda muziki. Alikulia kwenye shamba la nguruwe, mtoto wa sita, na kazi yake tangu akiwa na miaka saba ilikuwa kuziba pengo la uzio wakati baba na kaka zake wanaswaga nguruwe. Yeye ndiye alikuwa lango. Nguruwe mwenye uzito wa watu wanne akija mbio, mtoto akimtazama usoni anadanganyika, kwa sababu nguruwe hutazama kushoto na kwenda kulia. Verlin aligundua kwamba anayetaka kujua nguruwe anakwenda wapi amtazame kiunoni. Baadaye, alipoanza kucheza na kisha kufundisha, aliona kwamba vijana wa vyuo nao wako hivyohivyo, ila wao wana nambari mgongoni. Huo ndio uliokuwa ujuzi wake wote. Vitu vingine alivyojifunza vilikuwa majina tu ya kitu hicho kimoja.

Pale Tollivar alimpata mtu wa kumwelewa. Dub Eschman alikuwa mwenyekiti wa baraza la chuo, muuzaji wa mashine za kuvuna ngano, na mfugaji wa nguruwe. Verlin alimweleza habari ya kiuno. Kesho yake Eschman alifika uwanja wa mazoezi na gari la mizigo, akafungua mlango wa nyuma, akamshusha nguruwe jike mkubwa aitwaye Malkia.

"Mzuieni huyu," Eschman aliwaambia vijana. "Akiwapita, mnamfuata kwa miguu mpaka shambani kwangu."

Wiki ya kwanza Malkia aliwapita wote, na vijana kumi na mmoja wenye helmeti walionekana wakikimbia kwenye barabara kuu nyuma ya nguruwe, mwanafunzi aliyevaa manyoya ya bata mzinga akiwashangilia. Wiki ya tatu hakumpita mtu. Wiki ya tano alikuwa akifika uwanjani anajilaza tu, amekata tamaa.

Tatizo la timu lilikuwa upande wa pili. Kocha wa mashambulizi aliitwa Kip, mkwe wa Tarpley, kijana mpole aliyechora michoro mizuri mno ya rangi nne. Kwenye karatasi michoro ile ilivutia, lakini uwanjani vijana walikuwa wakigongana wenyewe kwa wenyewe. Katika mchezo huu timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikishindwa, inautoa mpira. Mashambulizi ya Kip mara nyingi yalirudi nyuma. Hata hivyo timu ilianza kushinda, na ilishinda kwa njia ambayo watu wa Tollivar hawakuwahi kuiona. Mshambuliaji akikamatwa au akianguka akiwa na mpira ndani ya eneo la mwisho la upande wake mwenyewe, wanaozuia wanapewa pointi mbili. Walinzi wa Verlin waliwasukuma watu nyuma mpaka huko, wakawaangusha, na mechi ikaisha mbili kwa sifuri. Jumamosi iliyofuata, mbili kwa sifuri tena. Walipojitahidi sana ilikuwa nne kwa sifuri, na mji mzima ukapiga honi.

Mashabiki nao wakabadilika. Bata Mzinga walipokuwa na mpira, watu walikwenda kununua supu nzito ya maharage na nyama, na mikate ya mdalasini ya kuila nayo. Kip akipoteza mpira, uwanja mzima uliinuka kwa furaha, kwa sababu sasa walinzi wanaingia. Kijana mmoja wa mashambulizi alidondosha mpira makusudi ili apigiwe makofi.

Msimu ulipokwisha, walikuwa wameshinda mechi sita na kupoteza nne. Zile nne ziliwauma sana watu. Jumatatu mchana Verlin alisikia mlango ukigongwa, na Nelda, bila kuuliza ni nani, akafunika pai kwa taulo na kuisukuma ndani ya kabati.

Tarpley aliketi mezani. Alitazama meza tupu. Machozi yalikuwa yameshaanza.

"Verlin, ndugu yangu."

"Royce, ulinzi wangu ndio bora kuliko wote kwenye ligi."

"Najua. Najua sana. Lakini lazima mtu aondoke, na Kip ndiye baba wa wajukuu zangu. Nitamwambia nini binti yangu? Nelda, nasikia harufu ya mdalasini."

"Ni sabuni," Nelda alisema.

Tarpley alipoondoka bila kula, Verlin alikwenda stoo kuchukua maboksi. Nelda alimsimamia mlangoni. "Yaache hapohapo. Jana wamenichagua kuongoza kwaya, na sauti ya pili ya kwaya ile ni aibu mbele za Mungu. Mimi sihami mpaka iimbe vizuri."

"Nimefukuzwa, mke wangu."

"Wewe umefukuzwa. Mimi sijafukuzwa."

Maboksi yakarudi mahali pake. Siku ya Alhamisi Eschman alikuja mwenyewe, na matope ya zizi kwenye buti, akakataa kuingia ili asichafue sakafu. Alisema kutoka kibarazani kwamba baraza limekaa, kwamba Tarpley ameondolewa, na kwamba kocha mkuu mpya ni Verlin Kropf.

"Mimi ni wa ulinzi tu, Dub," Verlin alisema. "Mambo ya kocha mkuu siyajui."

"Utabaki na ulinzi wako, unaongezewa na mengine."

"Siyataki hayo mengine."

"Anayataka," Nelda alisema kutoka jikoni. "Mwambie baraza anashukuru sana."

Hivyo, akiwa na miaka hamsini na kitu, Verlin alipewa timu nzima, pamoja na ile nusu yake ambayo hakuwahi kuitazama. Kip alibaki, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumfukuza. Majira ya joto Verlin alikaa na kanda za video za mashambulizi, akazitazama kama anayesoma kitabu cha lugha ya kigeni. Mwisho alimwita Kip ofisini.

"Kip, hebu nieleze. Sisi tukiwa na mpira, ni mambo gani yanaweza kutokea?"

"Tunaweza kufunga, Kocha."

"Mwaka jana mlifunga mara ngapi?"

Kip alifikiri. "Karibu tufunge mara kadhaa."

"Na mpira mlidondosha, mkanyang'anywa, mkaangushwa. Si ndiyo? Sasa mimi nimeona hivi: mabaya mengi hutupata tukiwa na mpira. Mpira ukiwa kwa wenzetu, sisi tuko salama. Kwa hiyo tukiupata, tunawarudishia."

"Lini?"

"Palepale. Jaribio la kwanza. Tunaupiga mbali kwa mguu, waende wakahangaike nao huko."

Kip aliizungusha kalamu ya kijani mkononi. "Na hii michoro yangu?"

"Ni mizuri mno," Verlin alisema, naye alimaanisha. "Ibandike ukutani."

Na ndivyo walivyocheza. Mashabiki wa timu pinzani walidhani ni utani, kisha wakadhani ni tusi. Bata Mzinga waliupata mpira, mpigaji wao, kijana mrefu aitwaye Anselm, akaupiga mpaka mwisho wa uwanja, walinzi wakaingia mbio, na dakika chache baadaye mtu alikuwa amelala chini kwenye eneo lake mwenyewe. Mbili kwa sifuri. Vijana wa mashambulizi walikaa kwenye benchi. Mmoja alisoma kitabu chote cha kemia akafaulu mtihani. Mwingine, jitu la kilo mia moja na arobaini, alijifunza kufuma kwa sindano, na Oktoba ilipofika benchi nzima ilikuwa na skafu. Mchungaji alihubiri kuhusu baraka za kutoa kuliko kupokea, na watu walielewa anasema nini.

Walishinda mechi zote. Ikabaki moja, dhidi ya chuo cha ng'ambo ya mto, mahasimu wao wa miaka yote, ambacho msimu ule kilikuwa kimepata kocha mpya mwenye nywele nzuri.

Kabla ya mechi Tarpley alivuka uwanja na kumkumbatia Verlin. "Ndugu yangu," alisema, "nimekukosa sana. Nelda hajambo?"

"Hajambo. Kwaya imekaa vizuri."

"Nimekufahamu miaka kumi na minane, Verlin," Tarpley alisema, na machozi yakamlengalenga. "Nisamehe kwa nitakachofanya."

Haikuchukua muda Verlin kukielewa kitu hicho. Bata Mzinga waliupata mpira, Anselm akaupiga. Timu ya Tarpley ikaupata, na badala ya kushambulia, nayo ikaupiga kuurudisha. Anselm akaupiga tena. Wakaurudisha tena. Walinzi wa pande zote mbili waliingia na kutoka, kuingia na kutoka, bila kumgusa mtu. Kufika mapumziko mpira ulikuwa umesafiri angani muda wote na hakuna aliyeubeba hatua tano. Bendi iliishiwa na nyimbo ikaanza za Krismasi. Mwanafunzi wa manyoya ya bata mzinga alikwenda kulala kwenye basi. Wazee walioanza kwa kukasirika walianza kufuata mpira kwa macho, kushoto, kulia, wametulia kama watu wanaotazama mto.

"Kocha," Kip alinong'ona robo ya mwisho, "wao hawajajiandaa kabisa kutuzuia. Kila mtu wao yuko nyuma kabisa kungoja mpira wa juu. Tukikimbia nao mara moja tu..."

"Tukiudondosha?"

"Tunaweza tusiudondoshe."

Verlin alimtazama kama mtu anayemwonea huruma. "Piga, Anselm," akasema.

Lakini mguu wa Anselm ulikuwa umekwisha. Alikuwa amesimama ndani ya eneo la mwisho la upande wake, jasho likimtiririka, akaupokea mpira, akainua mguu, na mguu ukakataa. Akaanguka chali, mpira kifuani, bila mtu yeyote kumsogelea. Mwamuzi alikuja taratibu, akamwinamia kuhakikisha yuko hai, kisha akaunganisha viganja vyake juu ya kichwa. Pointi mbili kwa ng'ambo ya mto. Mechi ikaisha hivyo.

Jumatatu asubuhi Eschman alimpigia simu. Alikuwa ameishiwa nguvu. "Verlin, watu wanaweza kusamehe kufungwa. Kufungwa na Tarpley hawawezi. Baraza linasema lazima mtu aondoke."

"Nani?"

"Mimi nilisema Kip. Lakini tukakaa tukatafuta kosa lake msimu huu. Hakuna. Hakufanya kitu chochote! Huwezi kumfukuza mtu kwa michoro iliyo ukutani. Sasa desturi ni kocha wa ulinzi."

"Kocha wa ulinzi ni mimi."

"Na kocha mkuu ni wewe. Ndiyo maana baraza limekuachia mwenyewe."

Verlin alikuwa mtu wa utaratibu. Mchana alirudi nyumbani kupitia mlango wa mbele, ambao kwa kawaida hakuutumia, akavua kofia, akaketi mezani jikoni. Nelda alimwangalia, akaelewa, akatoa pai.

"Sema basi," alimwambia.

"Siwezi kuanza. Ananitia huruma."

"Mwenzio Royce alikuwa anaanza na neno 'ndugu yangu'."

Verlin alimeza funda la kahawa. "Ndugu yangu Verlin," alisema, akitazama ukuta, "umefanya kazi kwa moyo wako wote." Kufikia hapo ndipo alipomwelewa Tarpley: kilio kile cha miaka yote hakikuwa cha uongo. Nelda alimwekea krimu bila kuombwa. "Umenifukuza?" Verlin alijiuliza kwa sauti ndogo, akajijibu ndiyo, na machozi yakamtoka kwa ajili ya wote wawili.

Gazeti la mji liliandika habari hiyo kwa heshima. Kocha mkuu, lilisema, amemshukuru kocha wa ulinzi anayeondoka na kumtakia mema.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya kwake. Alikuwa kocha mkuu mtupu. Alihudhuria chakula cha jioni cha wafadhili, akapiga picha na meya, akakata utepe wa duka la matairi. Alipopita karibu na uwanja wa mazoezi alijilazimisha kutazama upande mwingine, kwa kuwa ulinzi haukuwa wake tena na yeye aliheshimu maamuzi. Siku moja Nelda alimkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti, amenyoosha mikono, anajaribu kumzuia mbwa wa jirani asipite.

"Nimechoka," Nelda alisema. "Kazi imetangazwa. Nenda kaombe."

"Kazi gani?"

"Ile uliyojifukuza."

Ofisi ya utumishi pale chuoni ilikuwa ya Bi Ottilie Brandt, mwanamke mkavu ambaye mpira hakuujua wala hakutaka kuujua. Kwake kazi ilikuwa kazi na mwombaji alikuwa mwombaji. Alimketisha Verlin mbele ya meza yake.

"Bwana Kropf, kwa nini uliondoka kwenye kazi yako ya mwisho?"

"Nilifukuzwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Bi Ottilie hakupepesa jicho. "Uhusiano wako na bosi wako ulikuwaje?"

Verlin alifikiri sana, akitaka kusema haki. "Ni mtu mwema. Ila hakupaswa kupewa kazi ile. Hajui mashambulizi ni kitu gani, anaogopa mpira kama nyoka, na mechi ya mwisho alishauriwa vizuri na msaidizi wake akakataa kusikia."

"Ungekubali kufanya kazi chini yake tena?"

"Hapana," Verlin alisema, na alipolisikia jibu lake mwenyewe alihisi kifua kikifunguka. "Hapana, Bi Ottilie. Chini ya mtu yule siwezi."

"Basi mmoja wenu aondoke," Bi Ottilie alisema. "Kwa taratibu zetu mtu hawezi kujisimamia mwenyewe. Sijui nani aliruhusu jambo hili tangu mwanzo. Wewe utamchagua nani?"

Siku ileile Verlin alijiuzulu ukocha mkuu na kuajiriwa kocha wa ulinzi. Baraza lilitafuta kocha mkuu kila mahali, na kwa kuwa hakuna aliyetaka timu yenye mashambulizi yaliyojua kufuma skafu tu, wakampa Kip. Kip aliibandua michoro ukutani, akaitazama upya, akaona kwamba ingefaa zaidi ikiwa na rangi moja. Msimu uliofuata timu ilifunga. Haikufunga mabao mengi, lakini wageni wasiojua historia ya Tollivar walishangaa kuona watu wazima wakilia kwa bao la kawaida tu.

Verlin alifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja zaidi, na katika miaka hiyo hakuna aliyemfukuza. Bata Mzinga walipokuwa na mpira, yeye aligeuza benchi, akaupa uwanja mgongo, akawakusanya walinzi wake mbele ya ubao mdogo na kuwafundisha mpaka zamu yao ifike. Hata mara moja hakugeuka kutazama. Mwaka waliochukua ubingwa wa ligi, sekunde za mwisho, mshambuliaji wa Kip alipokea mpira, akakimbia uwanja mzima akavuka mstari wa mwisho, na jukwaa likatikisika hadi kofia ya Verlin ikaanguka. Eschman alikuwa anarukaruka. Nelda alikuwa amepanda juu ya kiti, anaimba sauti ya kwanza na ya pili kwa pamoja.

"Kuna nini?" Verlin aliuliza, akiokota kofia.

"Tumechukua ubingwa, Kocha!" kijana mmoja alimpigia kelele sikioni.

"Vizuri," Verlin alisema. "Sasa tazama hapa. Ule mguu wako wa kushoto unautanguliza mno."